Trela haina pedi

Nimekulia kwenye vibanda vya gemu vya Dar es Salaam, na katika miaka yote ile sikuwahi kuona tangazo la gemu. Televisheni zilitangaza sabuni, bia na unga wa ngano. Mabango ya barabarani yalikuwa ya sigara, baadaye yakawa ya simu. Gemu lilifika mtaani likiwa CD ndani ya kifuko cha nailoni, jina limeandikwa kwa maka peni na mara nyingi limekosewa. Ukitaka kujua likoje, unakaa kwenye benchi, unamtazama anayecheza, unasubiri zamu. Ukishika pedi, dakika tano zinatosha. Mwenye kibanda naye alikuwa na kipimo chake: gemu ambalo watoto wanalitolea hela linabaki, ambalo hawalitolei linarudishwa Kariakoo likabadilishwe.

Ndiyo maana nikisoma watu wakibishana kama trela fulani ni kali au muvi fulani imelitendea haki gemu, huwa nasimama pembeni kidogo. Kwangu mimi gemu linaanzia kwenye kidole gumba. Macho na masikio yanafuata. Tangazo na muvi vyote viwili vinaishi kwa macho na masikio tu, kwa hiyo kila anayetaka kuniuzia gemu, au kunigeuzia gemu kuwa muvi, jambo la kwanza analofanya ni kuninyang'anya pedi. Baada ya hapo namtazama kwa makini nione atanipa nini badala yake. Wengi hawanipi kitu.

Chukua mpira. Enzi za PlayStation ya kwanza na ya pili, mfalme wa mtaa wetu alikuwa Winning Eleven ya Konami. Menyu zake zilikuwa za Kijapani na hakuna aliyeweza kusoma hata herufi moja, lakini kila mtoto alijua ashuke mara ngapi na abonyeze nini ili amtoe beki aliyechoka. Majina mengi hayakuwa halisi kwa sababu Konami hawakuwa na haki za kuyatumia: Roberto Carlos aliwahi kuandikwa Larcos, na Liverpool ikaja kuitwa Merseyside Red. FIFA ya EA ilikuwa na kila kitu ambacho tangazo linakipenda, yaani jezi halisi, nembo, majina na muziki mzuri wa kufungulia. Ukiziweka mbili hizo kwenye bango, FIFA inashinda kabla refa hajapuliza filimbi.

Kwenye benchi ilikuwa inachapwa. Mpira wa Konami ulikuwa na uzito; ukipiga pasi vibaya unajua umekosea wewe, mashine haihusiki. Aliyewahi kupiga shuti la Adriano kutoka nje ya boksi anajua ninachosema, na aliyewahi kufungwa na shuti hilo dakika ya tisini anajua zaidi, kwa sababu aliyefungwa alitoka na mwenzake akabaki na pedi. Miaka ikaenda, EA wakaurekebisha mpira wao, Konami wakabweteka, na kufikia enzi za PlayStation 3 vibanda vingi vikawa vya FIFA. Hakuna tangazo lililotuhamisha. Tulihama baada ya mpira wenyewe kuhama.

Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye biashara ya gemu msemo huu ni kweli nusu tu. Kizuri nacho siku hizi kinajitembeza, tena kwa fedha nyingi, na hapo ndipo shida inapoanza: vyote viwili vikishajitembeza kwa mwendo mmoja, hujui kipi ni kipi mpaka ulipe.

Lakini kwanza muvi, kwa sababu huko ndiko nilikoanza kuona jinsi pedi inavyonyang'anywa.

Hatua chache kutoka kibanda cha gemu kulikuwa na kibanda umiza: mabenchi, pazia zito mlangoni, joto, na deki. Muvi za Hong Kong na za Marekani zilichezwa pale zikiwa na sauti ya Lufufu juu yake, akisimulia kwa Kiswahili, akiwapa watu maneno ambayo hawakuyasema, akimcheka jambazi, akimwonya stelingi. Kenya nao wana DJ Afro wao, Uganda wana VJ Jingo. Wasomi wa filamu wanaweza kusema ule ulikuwa uharibifu wa kazi ya mtu. Mimi nasema Lufufu alikuwa anaujua ukumbi wake. Alijua watu wale hawakuja kukaa kimya.

Na sheria moja ya muvi hata mtoto wa darasa la kwanza aliijua: stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, afungwe kamba juu ya moto, tulia tu, dakika ishirini za mwisho ni zake. Siku stelingi akifa kweli watu walitoka wakinung'unika kama waliodhulumiwa.

Sasa geukia gemu. Stelingi wa gemu anakufa kila dakika. Kwenye Contra risasi moja tu na kwisha habari. Anadondoka shimoni, anagongwa na kobe, anang'olewa uti wa mgongo na Sub-Zero huku watu wanashangilia. Na anayekufa ni wewe. Unarudi ukiwa na hasira na ujuzi kiduchu zaidi ya ulionao mwanzo, na hicho kiduchu ndicho unachokuja kujivunia. Ukimtoa stelingi huyu kwenye gemu ukampeleka kwenye muvi, unampa uzima wa milele, na papo hapo unamwondolea kitu pekee kilichomfanya awe wako. Kinachobaki ni hadithi, na hadithi ya magemu mengi, tuseme ukweli, inaenea nyuma ya tiketi ya daladala. Fundi bomba anamtafuta binti mfalme. Basi.

Hollywood walipoligundua hilo mwaka 1993 wakaamua kujaza nafasi iliyobaki kwa chochote. Super Mario Bros. ya mwaka huo, Bob Hoskins na John Leguizamo wakiwa ndugu wawili, ikatupeleka kwenye mji wa giza wa viumbe waliotokana na dainosaria, na mtoto aliyekuja kumwona Mario akaruka juu ya uyoga akatoka akiwa na maswali. Hoskins mwenyewe miaka mingi baadaye aliitaja kuwa kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya.

Mwaka uliofuata ikaja Street Fighter ya Van Damme. Kwenye kibanda umiza, Van Damme hahitaji utambulisho. Jina lake tu lilikuwa linajaza mabenchi. Tatizo ni kwamba gemu la kupigana, watu wawili wakitazamana mpaka mmoja alale chini, liligeuzwa kuwa muvi ya jeshi yenye vifaru na boti, na ngumi zikawekwa mwishoni. Kilichoiokoa ni Raul Julia akiigiza jambazi Bison. Alikuwa mgonjwa, akafariki Oktoba 1994 kabla muvi haijatoka, lakini katika kila tukio lake anakula jukwaa kama mtu mwenye nguvu za watu watatu. Halafu mwaka 1995 wakatengeneza gemu la mashine za kumbi lililotokana na muvi hiyo, wakiwa na picha za waigizaji wenyewe badala ya wale wa kuchorwa. Yaani gemu lililotokana na muvi iliyotokana na gemu. Mtu aliyekaa ofisini akaidhinisha jambo hilo alikuwa hajawahi kusubiri zamu popote.

Mortal Kombat ya 1995 ilielewa zaidi, ingawa bajeti yake haikuwa ya kutisha. Gemu ni mashindano? Basi na muvi iwe mashindano. Piga muziki ule unaomfanya mtu asimame, waingize wapiganaji mmoja baada ya mwingine, acha watu wachague wa kwao. Watazamaji walikuwa wanashangilia kama walivyoshangilia nyuma ya mgongo wa mchezaji. Hawakurudishiwa pedi, lakini walirudishiwa benchi.

(Kuhusu Uwe Boll, Mjerumani aliyetengeneza House of the Dead, Alone in the Dark na BloodRayne, nitasema jambo moja tu: mwaka 2006 aliwaalika waliokuwa wakiponda muvi zake wapande ulingoni wapigane naye ndondi, na akawachapa. Huyo angalau alielewa nini maana ya kushiriki.)

Kuna kazi chache ambazo zinanyang'anya pedi kisha zinakulipa kitu kikubwa. The Last of Us ya HBO, iliyoanza Januari 2023, ni mojawapo, na ushahidi wangu ni sehemu ya tatu. Kwenye gemu la 2013, Bill ni mzee mkorofi unayepita naye kwenye mji uliojaa mitego. Mwenzake Frank unamkuta ameshakufa, ameacha barua ya chuki. Wewe unatafuta betri ya gari. Televisheni ikawaacha wachezaji wakuu pembeni, ikakaa na wazee hao wawili karibu muda wote wa sehemu ile, wakipanda matunda, wakigombana, wakizeeka. Gemu haliwezi kufanya hivyo kirahisi, kwa sababu mtu aliyeshika pedi anataka kwenda mbele. Hapo televisheni ilifanya kazi ambayo kidole gumba hakiwezi.

Na mwisho wa hadithi ile ile unaonyesha upande wa pili. (Kama hujalicheza, ruka aya hii.) Kwenye chumba cha upasuaji, Joel, mhusika mkuu, anamuua daktari. Kwenye televisheni nilimtazama akifanya hivyo, nikahuzunika, nikaendelea kunywa chai. Kwenye gemu hakuna kuendelea mpaka wewe mwenyewe ufanye. Nilisimama mbele ya daktari yule muda mrefu nikizunguka chumba, nikitafuta njia nyingine, na njia nyingine haipo. Mwigizaji ni Pedro Pascal, ni mzuri sana, lakini hawezi kunitia hatia ambayo nilitiwa na kitufe.

The Super Mario Bros. Movie ya 2023 ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3, na nikiisema vibaya wapwa zangu watanishambulia. Haina kosa. Rangi zake ni safi, muziki unakukumbusha kila hatua uliyowahi kukwama, magari yanateleza kwenye upinde wa mvua kama inavyotakiwa. Ila ukitoka nje jiulize umetazama nini. Nintendo wenyewe walishiriki kuitengeneza, wakati huo tayari wana bustani ya Mario ndani ya Universal Studios Japan tangu 2021, na mashine za kuuza. Muvi ile ni tangazo la saa moja na nusu ambalo umelilipia kiingilio. Sisemi kwa hasira. Ni tangazo zuri. Nasema tu tuliite jina lake.

Kilichonifurahisha zaidi ni vurugu za Aprili 2025, A Minecraft Movie ilipotoka. Vijana Marekani na Uingereza walikuwa wanasubiri tukio moja, Jack Black anapotaja "chicken jockey", yaani zombi mtoto aliyepanda kuku, kisha ukumbi mzima unasimama, bisi zinarushwa hewani, watu wanapiga kelele mpaka wafanyakazi wa sinema wanaingia, na mahali pengine polisi wakaitwa. Wachambuzi wakaandika kwa masikitiko kuhusu adabu ya kizazi hiki. Mimi nilicheka peke yangu. Watoto wale walikuwa wamenyang'anywa pedi wakaamua kujitafutia kazi ya kufanya. Wangeletwa kibanda umiza, Lufufu angewapokea bila tabu.

Njia ya kurudi, yaani kugeuza muvi kuwa gemu, nayo ina ajali zake. Ajali maarufu kuliko zote ni E.T. ya Atari, 1982. Muvi ya Spielberg ilikuwa inavunja rekodi, Krismasi inakaribia, Atari wakampa Howard Scott Warshaw takribani wiki tano atengeneze gemu kamili. Jina likauza, tangazo likauza, kisha watoto wakashika mkono wa mashine na kugundua kwamba kazi kubwa ya kiumbe yule ni kudumbukia mashimoni. Mwaka 1983 Atari wakazika shehena ya mali isiyouzika kwenye dampo la Alamogordo, New Mexico, na Aprili 2014 watu wakalichimba dampo hilo na kuzikuta kaseti za E.T. humo ndani. Simlaumu Warshaw. Wiki tano ni muda wa kutengeneza tangazo, na kweli tangazo lilitoka vizuri.

Siku hizi ajali imegeuka sura: magemu yanayotamani kuwa muvi. Nampenda Hideo Kojima, mtengenezaji wa magemu wa Kijapani, na nitamtetea popote, lakini Metal Gear Solid 4 ya 2008 ina video za mwisho zinazopita saa moja. Niliweka pedi mezani, nikaenda kupasha ugali, nikarudi, bado wanaongea. Na wapo waliomfuata Kojima bila kipaji chake: unasukuma kijiti mbele, daraja linavunjika, unasukuma mbele, helikopta inalipuka, unasukuma mbele. Picha zote hizo zinafaa sana kuwekwa kwenye trela, na nina wasiwasi kwamba ndiyo sababu ya kuwepo kwake. Mtu alianza na trela, gemu likashonewa nyuma.

Haya, matangazo.

Lazima niseme kwanza kwamba baadhi ni kazi za sanaa. Mwaka 2006 Gears of War, gemu la majitu yenye bunduki zenye msumeno, lilitangazwa kwa wimbo wa huzuni wa taratibu na askari mmoja akikimbia peke yake kwenye magofu. Mwaka 2007 Halo 3 ikaja na tangazo lisilo na hata sekunde moja ya gemu: walijenga mfano wa uwanja wa vita kwa vinyago vidogo, kamera ikapita katikati yao, na wazee wakaigiza maveterani wakikumbuka. La Halo nalipenda zaidi, kwa sababu halijifanyi. Linakuambia wazi kwamba hii ni hekaya inayozunguka gemu, gemu lenyewe utalikuta dukani.

Dead Island, Februari 2011, ndiyo iliyonivuruga. Trela inaanza na mtoto wa kike amelala nje ya hoteli, kisha kila kitu kinarudi nyuma taratibu, mtoto anapanda hewani, dirisha linajiunga, na unaelewa kidogo kidogo kwamba unatazama familia ikipoteza kila ilichonacho. Watu wazima walilia. Septemba gemu likatoka, na ndani yake unapita ufukweni ukiwapiga mazombi kwa makasia. Hadithi ya familia ile haipo. Si kwamba gemu ni baya. Mimi na rafiki yangu tulicheka nalo sana. Lakini huzuni ile ilikuwa ya kampuni ya vikaragosi iliyoajiriwa kutengeneza trela, na waliotengeneza gemu walikuwa na mambo yao mengine kabisa.

Kuna uongo mwingine ambao nausamehe. Metal Gear Solid 2, 2001: matangazo yalijaa Snake, stelingi wa gemu lililotangulia, sanduku limejaa Snake, unacheza sehemu ya meli ukiwa Snake. Kisha unapokonywa, unapewa kijana anayeitwa Raiden, mwenye nywele ndefu na mpenzi anayempigia simu katikati ya vita. Watu walikasirika mpaka leo. Ila uongo ule ulikuwa sehemu ya gemu. Hadithi nzima inahusu mtu anayelishwa taarifa na wakubwa zake mpaka asijue lipi ni la kweli, na Kojima akakulisha na wewe kupitia tangazo kabla hujawasha mashine. Huyo alininyang'anya pedi kwa makusudi na akanilipa.

Aliens: Colonial Marines ya 2013 haikulipa mtu. Waliotazama maonyesho ya awali waliona vivuli, taa, moshi, viumbe wenye akili. Waliofungua sanduku Februari ile wakaona kitu kingine. Malalamiko yakafika kwa mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza, ASA, na Sega, kampuni iliyolitoa gemu, wakakubali kwamba video walizokuwa wakizitumia zilitoka kwenye maonyesho yale na zilihitaji maelezo. Miaka baadaye likaja la kuchekesha: mchezaji mmoja akipekua mafaili ya gemu kwenye kompyuta aligundua kwamba kwenye mipangilio ya akili ya maadui, neno moja limeandikwa kwa herufi ya ziada. Ukiifuta, viumbe wanaanza kukuzunguka vizuri zaidi. Bajeti yote ile ya matangazo, na hakukuwa na mtu wa kusoma mstari mmoja.

Cyberpunk 2077 nayo. Trela ya kwanza 2013. Juni 2019 Keanu Reeves anapanda jukwaani, ukumbi unachanganyikiwa. Watu milioni nane wakalipia kabla halijatoka. Desemba 10, 2020 likatoka, na kwenye PlayStation 4 na Xbox One lilikuwa halichezeki: magari yanaibuka kutoka ardhini, nyuso hazina macho, mashine inazima. Wiki moja tu na Sony wakaliondoa kwenye duka lao la mtandaoni, likarudi Juni 2021. CD Projekt, waliolitengeneza, wakalikarabati, sifa hiyo wapewe. Na angalia kilichowarudisha watu kwa wingi: Septemba 2022 Netflix walitoa katuni ya Edgerunners, hadithi nyingine kabisa katika mji ule ule, na waliomaliza kuitazama wakataka kutembea kwenye mitaa yake. Safari hii mitaa ilikuwa imeshajengwa. Katuni ile ilifanya kazi ya tangazo kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kitu cha kushika.

Hata hivyo, kama unaishi huku kwetu, trela za Cyberpunk si tatizo lako la kila siku. Tatizo lako liko kwenye simu. Gemu ni la bure, unacheza nusu dakika, linakuja tangazo la sekunde thelathini lenye alama ya kufungia ndogo kama chawa. Huko ng'ambo wenye intaneti isiyohesabiwa wanasema tangazo linawapotezea muda. Huku tangazo linakula bando. Video ile imeshushwa kwa megabaiti ulizonunua kwa vocha, kwa hiyo umelipa ili uoneshwe kitu ambacho mtu mwingine amelipa uoneshwe, na kampuni imekusanya pande zote mbili. Gemu la bure kwa bando la mtu ni gemu la kulipia, tena bila risiti.

Na hilo tangazo lenyewe kwa kawaida ni la uongo. Unamjua yule mtu aliyenaswa kati ya lava na hazina, na misumari ya kuvuta, na mkono unaovuta msumari usio sahihi makusudi ili wewe upandwe na hasira. Ukishusha gemu unakuta ni la kupanga vitu vitatu vya rangi moja. Septemba 2020 ASA ya Uingereza ilipiga marufuku matangazo mawili ya namna hiyo ya Homescapes na Gardenscapes za kampuni ya Playrix. Kinachonishangaza ni kwamba mtengenezaji wa tangazo lile alikuwa anajua kabisa gemu ni nini. Amekuonyesha mkono unakosea ili mkono wako uwashe. Katika matangazo yote niliyoyataja, hilo takataka ndilo lililokaribia zaidi kidole gumba. Studio ya Kijapani, Monkeycraft, mwaka 2023 ikatengeneza gemu halisi la michezo ile ya kwenye matangazo feki, misumari na lava na yote, na watu wakalinunua.

Mabango ndani ya gemu hayanisumbui kama yanavyowasumbua wengine. Uwanja wa mpira bila mabango pembeni unaonekana kama uwanja wa mazoezi. Oktoba 2008 Obama aliweka bango lake la kampeni kando ya barabara za Burnout Paradise, na ukilipita kwa kasi ile hulioni vizuri, kama tu mabango ya Morogoro Road. Gari linaenda, pedi iko mkononi, sawa. Ila mwaka 2020 EA walipoingiza tangazo la kipindi cha The Boys katikati ya marudio ya mapigano kwenye UFC 4, gemu ambalo watu walishalilipia bei kamili, kelele zilizopigwa zilistahili na wakaliondoa haraka. Mstari wangu uko hapo: tangazo likikaa ukutani ni mapambo, likisimamisha mkono wangu ni mwizi.

Sasa hivi kibanda kinachofuata nyumbani kwangu kina PlayStation 4 nne na kiyoyozi kibovu, na ubishi wa kila jioni ni GTA VI. Vijana wale hawajawahi kuishika. Wameiona trela ya Desemba 2023 na ile ya Mei 2025, wameona tarehe ikisogezwa kutoka 2025 kwenda 2026, na wanajua hadi rangi ya viatu vya Lucia, mmoja wa wahusika wake wakuu. Wakubwa zao walioikuta San Andreas, GTA ya 2004, walijua kitu kimoja tu, mfuatano wa vitufe wa kujipa uzima na hela bila jasho, umeandikwa kwa chaki ukutani juu ya televisheni, na wakaicheza mpaka CD ikakwaruzika. Wananiuliza, "Bro mkubwa, wewe unaionaje?" Nawajibu kwamba gari lake sijaliendesha. Wanasema nazeeka.